Hesabu ya Bahati

Dadu ni kitu kidogo sana, lakini imemsumbua mwanadamu tangu zamani. Kwa karne nyingi watu waliitupa kwa mchezo na kwa ramli, wakasadiki ya kuwa namna itakavyoanguka ni siri isiyo na mlango. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1654, na ufunguo wake haukuwa uganga bali hesabu.

Mwaka huo Blaise Pascal na Pierre de Fermat, wanahesabu wawili wa Ufaransa, waliandikiana barua juu ya swali la wacheza kamari. Watu wawili wameweka sarafu za dhahabu 32 kila mmoja, wakapatana kwamba atakayetangulia kushinda mara tatu atatwaa zote. Mmoja amekwisha kushinda mara mbili, mwenziwe mara moja, kisha mchezo ukakatizwa. Je, wagawane vipi? Pascal alijibu kwa kutazama mbele, si nyuma. Kama wangecheza mara moja zaidi na yule wa kwanza akashinda, angetwaa sarafu zote 64. Kama angeshindwa, wangekuwa sawasawa, na kila mmoja angestahili 32. Basi sarafu 32 ni zake kwa vyovyote, na 32 zilizosalia zigawanywe nusu kwa nusu. Wa kwanza apewe 48, na wa pili 16. Hivyo ndivyo jambo ambalo halijatokea lilivyopata kipimo.

Lakini dadu ina pande sita, na kila mtu aweza kuzihesabu. Maradhi, mavuno na mvua vina pande ngapi? Jacob Bernoulli wa Basel, katika Uswisi, alilifikiri swali hilo kwa muda wa miaka ishirini, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake. Alitaka tufikiri chombo kilichotiwa changarawe nyeupe 3,000 na nyeusi 2,000. Mtu asiyejua idadi hiyo atoe changarawe moja, aandike rangi yake, airudishe, kisha atoe tena. Bernoulli alithibitisha kwamba kadiri mtu huyo anavyozidi kutoa, ndivyo inavyozidi kuwa yamkini kwamba hesabu yake itakuwa karibu na ile ya kweli, yaani tatu kwa mbili. Tokeo moja halimtii mtu; maelfu ya matokeo hutii kanuni.

Elimu hiyo, hata hivyo, ilikuwa na gharama. Bernoulli alipotaka hakika ya elfu kwa moja kwamba hatapotoka zaidi ya sehemu moja katika hamsini, hesabu yake ilimwamuru atoe changarawe mara 25,550. Ni mkono gani ungevumilia kazi hiyo? Kanuni ilikuwa imepatikana, lakini nguvu ya kuitumia ilikuwa haba.

Mwaka 1908 William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha pombe cha Guinness mjini Dublin, alionyesha uvumilivu wa namna hiyo. Kazi yake ilimpa vipimo vichache tu kila mara, naye alitaka kujua wastani wa vipimo vichache waweza kupotoka kiasi gani. Alitwaa vipimo vya urefu wa mwili na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, akaviandika juu ya vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya barabara kama karata, akavitoa kimoja kimoja na kuvitenga vinne vinne, hata akapata mafungu 750. Kisha akalinganisha mafungu hayo na kanuni aliyoifikiri, akaona kwamba vinapatana. Alikuwa ameiga bahati kwa mikono yake.

Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, mwanahesabu wa Kipolandi aliyehamia Marekani, alikuwa akipona ugonjwa. Akicheza karata peke yake, alijiuliza mchezo ule hufaulu mara ngapi katika mia. Kukokotoa jibu kulikuwa kugumu mno; akaona ni heri mchezo uchezwe mara nyingi na ushindi uhesabiwe. Yeye na John von Neumann walitambua kwamba mashine mpya za hesabu zingeweza kurudia bila kuchoka. Mwaka 1948 mashine iliyoitwa ENIAC ilifuatisha, kwa namba za bahati, safari za nyutroni, chembe zilizomo ndani ya atomu. Njia hiyo ilipewa jina la Monte Carlo, mtaa wa Monaco ulio mashuhuri kwa kamari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya silaha za nyuklia. Leo hutumika pia kukadiria kuenea kwa maradhi, urefu wa foleni na uimara wa madaraja.

Msomaji asidhani kwamba mashine imeishinda bahati. Anayetaka kupunguza kosa lake kwa nusu sharti afanye majaribio mara nne ya yale ya kwanza. Sarafu nayo haina kumbukumbu: ikiangukia kichwa mara tano mfululizo, mara ya sita ni nusu kwa nusu vilevile. Kanuni ya Bernoulli hailipi deni la mcheza kamari. Huyafunika matokeo machache kwa wingi wa mengine.

Tena, kurudia hakusahihishi uongo. Tukiiambia mashine kwamba changarawe nyeusi ndizo 3,000, nayo ikatoa mara milioni moja, itatukaribisha kila mara kwenye jibu lisilo la kweli, na wingi wa majaribio utatufanya tuliamini zaidi. Kwa hiyo anayeonyeshwa hesabu ya mambo yajayo asiulize tu imerudiwa mara ngapi. Aulize kwanza ni nani aliyezihesabu changarawe, na alizihesabu namna gani.