Hadithi za Wahenga Katika Michezo ya Kuigiza

Katika sikukuu zetu vijana hupenda kuigiza hadithi mbele ya watu. Mwaka mmoja vijana wa mtaa wangu walicheza hadithi ya kale ya wazee wao, nami nikiwa msimamizi wao. Mchezo ulipokwisha mzee mmoja alinijia, akasema, "Mwalimu, hadithi hii niliisikia kwa baba yangu, naye aliisikia kwa baba yake. Mliyoicheza leo siyo ile. Nani amewapa ruhusa ya kuigeuza?" Hakusema kwa hasira, bali kwa huzuni; nami sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimetafuta katika vitabu jinsi watu wa kale walivyofanya, nikaona kwamba swali la mzee yule ni la siku nyingi sana.

Mji wa Athene twaujua kwa habari za Mtume Paulo, aliyesimama Areopago akataja hata maneno ya washairi wao. Lakini karibu miaka mia tano kabla ya Paulo mji huo ulikwisha kuwa na sifa ya michezo ya kuigiza. Kila mwaka, majira ya kuchipua, palikuwa na sikukuu ya mungu wao Dionysus. Watu waliketi juu ya mteremko wa kilima, na chini yao wachezaji, wanaume watupu, walicheza wamevaa vinyago nyusoni, pamoja na kundi la waimbaji. Washairi watatu walishindana, na waamuzi walichaguliwa kwa kura. Gharama za waimbaji alitwikwa tajiri mmoja wa mji kwa kila mshairi.

Walicheza nini? Mshairi mmoja, Phrynichus, alijaribu kuigiza jambo la siku zake mwenyewe. Mwaka 494 kabla ya Kristo Waajemi waliuteka mji wa Mileto, ambao watu wake walikuwa jamaa za Waathene. Phrynichus akaufanya msiba huo kuwa mchezo. Herodotus, mwandishi wa historia, aeleza kwamba watazamaji wote waliangua kilio. Kisha Waathene wakamtoza mshairi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao, wakaamuru mchezo ule usichezwe tena kamwe. Michezo ya huzuni ya Athene iliyotufikia sisi karibu yote imetoka katika hadithi za kale. Mmoja tu, ule wa Aeschylus juu ya Waajemi, wa mwaka 472, watoka katika vita vya siku zile. Naona sababu yake si ngumu. Jeraha bichi halishikiki. Lakini katika msiba wa mfalme wa zamani mtu aweza kuutazama msiba wake mwenyewe.

Sasa tuangalie mchezo mmoja, ule wa mfalme Oedipus wa Thebe. Hadithi yake ilijulikana na kila mtu: alimwua baba yake asimjue, akamwoa mama yake asimjue. Katika utenzi wa Homer, ulio wa kale zaidi, mambo yalipofunuliwa mama alijinyonga, lakini Oedipus akaendelea kutawala Thebe katika mateso. Sophocles alipoitunga hadithi hiyo kwa mchezo hakuifuata hivyo. Kwake yeye mfalme ajitoboa macho kwa mikono yake, naye aomba afukuzwe katika nchi.

Tena Sophocles hakuanza mwanzo. Alianza karibu na mwisho, siku ambayo tauni imeushika mji, na watu wamekuja kumlilia mfalme awaokoe. Mfalme aapa kumtafuta yule aliyemwua mfalme wa kwanza, amlaani na kumfukuza. Watazamaji wote wajua kwamba anajilaani mwenyewe. Yeye peke yake hajui. Hivyo aliyesikia hadithi hii tangu utoto hakusikiliza ili ajue mwisho wake, bali alitetemeka kwa sababu aujua. Nayo tauni haikuwa maneno matupu, maana Athene yenyewe ilipigwa na tauni mwaka 430, na mchezo huu waaminiwa kuwa wa miaka hiyo. Walakini Sophocles hakupata tuzo ya kwanza kwa michezo aliyoitoa mwaka ule.

Karibu na mwaka 330 Waathene waliweka sheria kwamba michezo ya Aeschylus, Sophocles na Euripides iandikwe na kuhifadhiwa na mji, na wachezaji wasiyageuze maneno yake. Basi wale waliozigeuza hadithi za wahenga, wao nao wakawa wahenga, na watu wakaogopa kazi yao isiharibiwe! Huzuni ya mzee wangu ilikuwako Athene pia.

Lakini sheria hiyo haikuizuia hadithi kusafiri. Mwaka 1585 ilichezwa kwa Kiitalia katika jumba jipya la michezo la Vicenza. Huko Uingereza wakuu waliikataza isichezwe mbele ya watu mpaka mwaka 1910, kwa ajili ya ile ndoa ya haramu. Mwaka 1968 Ola Rotimi aliicheza huko Ife, Nigeria. Mfalme wake ni Odewale, naye amwua baba yake katika ugomvi wa shamba la viazi vikuu, kwa kuwa yule mzee alilitukana kabila lake. Wakati ule Nigeria ilikuwa katika vita vya ndugu kwa ndugu, vilivyoanza mwaka 1967 na kwisha mwaka 1970. Rotimi alitaka watu waone kwamba lawama haikuwa ya miungu, bali ya moyo unaolipenda kabila kuliko haki. Nasi tukapata hadithi hiyo kwa Kiswahili mwaka 1971, katika tafsiri ya S. S. Mushi iitwayo Mfalme Edipode.

Kama mzee yule angalikuwa hai, ningalimjibu hivi: Baba, ruhusa tuliyokuwa nayo ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Sophocles aligeuza mengi, lakini kosa la mfalme hakulificha. Rotimi alibadili nchi, majina na ugomvi, lakini baba aliuawa na mwanawe vilevile. Sisi tulikata sehemu ya aibu ili watu wacheke, na hiyo ndiyo sehemu baba yako aliyotaka uisikie. Hapo ulituonya kwa haki.

Kwa hiyo, enyi vijana mtakaocheza katika sikukuu hii, kabla ya kugeuza neno nendeni kwanza kwa wazee, mkawaulize hadithi ilisimuliwa kwa ajili gani. Mkiisha kujua hilo, chezeni.