Baiskeli Kabla ya Lami

Wako watu wanaodhani kwamba mashindano ya baiskeli yanayochanganya barabara njema, njia za changarawe na vijia vya mguu vinavyopenya msituni ni jambo la jana, lililozuliwa na vijana wa Marekani waliochoshwa na msongamano wa magari; na dhana hiyo haikosi sababu, maana baiskeli zinazouzwa leo kwa kazi hiyo hutangazwa kana kwamba dunia haijapata kuona mfano wake. Lakini mtu akizirejea habari za mchezo huu tangu asili yake, ataona kwamba mambo yalikuwa kinyume: mashindano yalizaliwa mavumbini na matopeni, yakalelewa humo kwa miaka mingi, na kilichokuja nyuma, kikaketi mahali pa mwenyeji hata mwenyeji akadhaniwa kuwa mgeni, ni lami.

Tarehe 7 Novemba 1869 kundi la watu, na miongoni mwao mabibi wachache, liliondoka Paris kwenda Rouen, masafa ya kilomita 123, juu ya vyombo ambavyo mpanda baiskeli wa leo asingekubali kuvipanda hata kwenda sokoni: pedali zimefungwa katika gurudumu la mbele, mnyororo hakuna, na mpira uliojazwa upepo bado haujulikani katika mchezo huo. Aliyetangulia kufika ni James Moore, Mwingereza aliyekuwa akiishi Paris, aliyetumia muda wa saa 10 na dakika 40 hivi. Mwendo ambao mtu mwenye miguu mizuri angeweza kuufuata kwa kukimbia, ikiwa pumzi zake zingedumu. Njia waliyoipita ilikuwa ya mawe, udongo na madimbwi, na hakuna aliyeona haja ya kuipa jina la pekee, kwa sababu njia zote zilikuwa hivyo.

Maarifa yaliyoifaa baiskeli katika njia za namna hiyo yalikuja kwanza katika gurudumu, siyo katika barabara. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyekuwa Belfast, alitengeneza mpira wa upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Na mwaka 1891 Charles Terront alishinda mbio za kutoka Paris hadi Brest na kurudi, kilomita 1,200 hivi, siku tatu kasoro bila kulala, juu ya mipira ya Michelin iliyoweza kufunguliwa njiani ikatiwa kiraka. Barabara nayo ilitengenezwa baadaye, na haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Mwaka 1902 daktari mmoja wa Uswisi, Ernest Guglielminetti, alifanya majaribio ya kupaka lami barabara za Monaco, kwa kuwa motokaa za matajiri zilikuwa zikiwatimulia wakazi vumbi lisilovumilika. Ni vyema jambo hili likumbukwe, maana waendesha baiskeli wengi huiona lami kuwa ni haki yao ya urithi, hali wao walikuwa wageni waalikwa tu katika karamu ya mwenye motokaa.

Katika zama hizo ndipo gazeti la L'Auto, likiongozwa na Henri Desgrange, lilipoanzisha mwaka 1903 mbio za kuizunguka Ufaransa. Waliondoka watu 60, wakarudi 21. Desgrange alikuwa mtu wa imani ngumu kuhusu taabu, aliyeamini kwamba chombo hakistahili kumpunguzia mtu jitihada yake. Akakataza gia za kubadilisha, na katazo hilo likadumu hata mwaka 1937. Gurudumu la nyuma lilikuwa na meno ya mnyororo upande huu na upande huu, mengine ya tambarare na mengine ya mlima; mpanda baiskeli akifika chini ya mlima hushuka, hulifungua gurudumu, huligeuza, hulikaza, kisha hupanda tena, na kileleni huifanya kazi ile ile upya, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Mwaka 1910 mbio hizo zilipelekwa katika milima mirefu ya Pyrenees. Aliyelishikilia shauri hilo alikuwa mwandishi wa gazeti lile, Alphonse Steinès, aliyekwenda mwenyewe kuikagua njia ya Tourmalet, yenye kimo cha mita 2,115, wakati theluji ingali imeijaza. Habari zake husimuliwa mpaka leo: motokaa ilikwama, naye akaendelea kwa miguu usiku, akaanguka, akapotea, watu wakatoka kumtafuta; na alipookolewa na kuota moto, akampelekea bwana wake simu ya maandishi kumwarifu kwamba Tourmalet amekwisha kuivuka na kwamba njia ni nzuri sana. Huo ni uongo mmoja ulio mkubwa katika tarehe ya michezo, na sina hakika kama ni wa kulaumiwa.

Tarehe 21 Julai waliondoka Luchon kabla ya mapambazuko, mbele yao kilomita 326 hadi Bayonne, na kati yake vilele vya Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque. Njia za huko zilikuwa za wachungaji na wakata magogo, mawe yamelegea, na mahali pengine maji ya theluji yamechimba mifereji. Gustave Garrigou alipewa zawadi ya faranga 100 kwa sababu aliimaliza Tourmalet bila kutia mguu chini. Octave Lapize alipanda, akashuka, akaisukuma baiskeli yake, akaipanda tena. Na alipofika kwenye Aubisque akawakuta watumishi wa mbio wakingoja, aliwatazama akawaita wauaji. Walakini yeye ndiye aliyeshinda siku ile, baada ya zaidi ya saa 14, na ndiye aliyeshinda mbio zote za mwaka ule. Lapize hakuwa mgeni wa njia mbovu: alikuwa ameshinda Paris–Roubaix mwaka 1909, akaishinda tena 1910 na 1911, na kabla ya hapo, mwaka 1907, alikuwa bingwa wa Ufaransa katika mbio za msituni.

Mbio hizo za msituni zastahili kutajwa kwa urefu, kwa kuwa ndizo hasa zilizofunga ndoa kati ya barabara, udongo na kijia cha mguu. Mwaka 1902 Daniel Gousseau, askari wa Kifaransa, alizifanyia mashindano ya kwanza ya taifa zima. Wakati wa baridi, barabara zinapokuwa barafu na tope, waendesha baiskeli waliingia mashambani na vichakani, wakaruka mitaro, wakabeba baiskeli begani penye mwinuko usiopandika, na kwa njia hiyo wakajipasha damu hata majira ya mbio yakarejea. Mashindano ya dunia yalianza mwaka 1950 mjini Paris, na bingwa wa kwanza akawa Jean Robic, mtu mfupi wa hasira nyepesi, ambaye miaka mitatu kabla yake alishinda mbio za kuizunguka Ufaransa.

Miongoni mwa wote waliofuzu katika chuo hicho cha tope, hapana aliyemshinda Eugène Christophe, aliyekuwa bingwa wa Ufaransa mfululizo tangu 1909 hata 1914, na tena 1921. Kazi yake ya ujana ilikuwa kutengeneza makufuli. Mwaka 1913, akiwa na matumaini makubwa ya kushinda mbio za kuizunguka Ufaransa, alikuwa akiteremka Tourmalet ndipo uma wa mbele wa baiskeli yake ulipovunjika. Sheria ya Desgrange ilikuwa kwamba mtu atengeneze chombo chake kwa mikono yake mwenyewe, asisaidiwe wala kupewa kingine. Basi Christophe aliitia baiskeli begani, gurudumu mkononi, akashuka mlima kwa miguu kilomita nyingi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaulizia karakana ya mhunzi, akaingia, akavua koti, akaanza kazi. Waamuzi walisimama mlangoni wakimchungua. Alipokuwa akikipiga chuma kwa mkono mmoja na kukishika kwa mwingine, kijana mmoja alimvukutia mvukuto; na kwa kosa hilo la kuazima pumzi ya mtoto, waamuzi walimtoza adhabu ya dakika kadhaa, ilhali saa karibu nne zilikuwa zimekwisha kumpotea. Alimaliza mbio akiwa wa saba. Mshindi alikuwa Philippe Thys wa Ubelgiji, na ni wachache wasio wapenzi wa mchezo wanaokumbuka ushindi huo. Ila mlango wa mhunzi una kibao cha ukumbusho.

Mimi hukitazama kisa hiki nikaona kwamba wasimuliaji wake wamezidi kusifu ushupavu wakasahau ujuzi. Mtu aliyezoea kila msimu wa baridi kubeba baiskeli begani katika vichaka, na ambaye mikono yake ilijifunza chuma kabla ya kujifunza usukani, hakufanya muujiza siku ile. Alifanya kazi mbili alizozijua, moja baada ya nyingine, mahali ambapo wenzake wangekaa kando ya njia wakingoja gari.

Ikaja vita ya 1914. Lapize aliuawa mwaka 1917 akiwa rubani, na kaskazini mwa Ufaransa, mahali zilipopita mbio za Paris–Roubaix tangu wenye viwanda vya nguo wawili wa Roubaix walipozianzisha mwaka 1896, pakawa uwanja wa mauti. Mwaka 1919 waandishi waliotumwa kuiangalia njia walikuta miti imebaki vigutu, vijiji vimekuwa kifusi, ardhi imetobolewa na mizinga; wakarudi wakiandika habari za jehanamu, na jina la Jehanamu ya Kaskazini likawaganda mbio hizo hata sasa, ingawa watazamaji wengi wa leo hulidhania kuwa ni sifa ya mawe yaliyotandikwa katika njia zake. Henri Pélissier alishinda mwaka huo kwa muda uliozidi saa 12.

Baada ya vita ya pili palitokea jambo ambalo halikutazamiwa. Serikali za vijiji zilianza kuona aibu kwa barabara zao za mawe, hasa barabara hizo zilipoonyeshwa mbele ya nchi nzima, kana kwamba vijiji hivyo vingali nyuma. Zikatia lami kila ilipowezekana, hata wenye mbio za Paris–Roubaix wakatambua kwamba mashindano yao yanakufa kwa maendeleo. Ndipo Jean Stablinski, bingwa wa dunia wa mwaka 1962 aliyepata kufanya kazi ya mgodi katika ujana wake, alipowaonyesha njia ya msitu wa Arenberg, mawe yaliyolala juu ya ardhi ile ile ambayo chini yake alichimba makaa. Ikaingizwa mwaka 1968, na tangu hapo ndiyo inayoogopwa kupita zote. Leo kipo chama cha wapenzi wa mbio hizo kinachoyang'oa mawe yaliyozama na kuyapanga upya kwa mkono, na mwaka 2023 walipelekwa mbuzi Arenberg ili wale nyasi zilizoota kati ya mawe, zisiwatelezeshe wapandaji. Ubaya wa njia umekuwa amana inayotunzwa kwa gharama.

Waingereza nao tangu mwaka 1961 hupanda na kubeba baiskeli juu ya vilele vitatu vya Yorkshire, na vijana wa California mwaka 1976 walianza kushindana kuteremka mlima karibu na Fairfax kwa baiskeli nzito za kizamani. Habari za hao zimeandikwa kupita kiasi, nami nazipita. Toscana, Italia, ndiko fikra hii ya kuitunza njia mbovu ilikotimia. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci, akihofu kwamba barabara nyeupe za changarawe za nchi ya Chianti zitamezwa na lami, aliwakusanya watu 92 kule Gaiole wazipite kwa baiskeli za kale. Na mwaka 2007 zikazaliwa hapo mbio za wataalamu zinazoishia katika uwanja mkuu wa Siena. Mwaka uliotangulia, huko Emporia katika jimbo la Kansas, watu 34 walikuwa wameondoka kushindana maili 200 katika vilima vya mawe makali yanayopasua mipira; leo huja maelfu. Na mwaka 2022 chama cha baiskeli cha dunia kilitoa ubingwa wa changarawe kwa mara ya kwanza, huko Veneto. Mbio za kuizunguka Ufaransa zenyewe, mwaka 2024, zilipitishwa katika njia nyeupe za mizabibu karibu na Troyes, na baadhi ya wakuu wa timu wakalalamika kwamba huo si mchezo wa barabara. Desgrange angewacheka.

Kwetu Afrika ya Mashariki mashindano haya nayo yamefika: mwaka 2021 zilifanywa mbio za siku nne katika nchi ya Wamaasai karibu na Mara, masafa ya kilomita 650 hivi, wageni wa Ulaya na Marekani wakichanganyika na wapandaji wa Kenya, Uganda na Rwanda. Aliyejulikana zaidi miongoni mwa wenyeji alikuwa Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa timu ya Amani, aliyefariki Agosti 2022 kwa kuanguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Njia walizopita wageni wale kwa baiskeli za bei ya ng'ombe kadhaa, zenye mipira minene isiyo na tyubu na breki za kisahani, ndizo wanazopita kila siku wachuuzi wa maziwa na wabeba makaa kwa baiskeli nzito za gia moja, ambazo hazitofautiani sana na ile aliyoibeba Christophe. Na lami inapofika katika vijiji vyao watu hupiga vigelegele, na sijasikia hata mmoja aliyeunda chama cha kulihifadhi vumbi.