Karakana ya Mbali: Kutoka Königsberg hadi Simu ya Nyamisati

Septemba 1914, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, Königsberg ya Wajerumani ilirudi kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, mitambo yake ikiwa mibovu. Sehemu zilizoharibika zilikokotwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa deltani. Meli haikuwa na njia ya kujitengeneza palepale ilipotia nanga.

Kompyuta mpya huzaliwa katika unyonge huohuo. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, Ken Thompson alianza kuunda Unix kwa ajili ya kompyuta ndogo, PDP-7. Programu aliziandaa kwenye kompyuta kubwa ya GE, zikatobolewa kwenye utepe wa karatasi, naye akaubeba utepe mkononi hadi kwenye PDP-7. Ilipopata zana zake yenyewe, safari hizo zikakoma. Mwaka 1975 Paul Allen na Bill Gates nao waliiandikia kompyuta ndogo ya Altair lugha ya BASIC kwenye kompyuta ya PDP-10 ya Harvard, Altair yenyewe wakiwa hawajaigusa.

Kompaila hugeuza maandishi ya mtunzi wa programu kuwa amri za prosesa. Ikizalisha amri za mashine ya aina ileile inamofanyia kazi, ni kompaila asilia. Ikizalisha amri za mashine ya aina nyingine, ni mtambuka. Ubora haumo katika hesabu hii. Kompaila ya GCC inayotoa amri za prosesa za ARM ni mtambuka ikiwa kwenye kompyuta ya Intel, na ni asilia ikiwa kwenye mashine ya ARM.

Tazama simu ya Android ya abiria anayesubiri boti Nyamisati, kwenye delta ileile ya Rufiji. Prosesa yake kwa kawaida ni ARM, lakini mfumo wake wa msingi ulitengenezwa kwenye kompyuta za aina nyingine: kazi ya kompaila mtambuka. Usiku, ikiwa kwenye chaji na haina shughuli, simu hiyohiyo huzigeuza programu zinazotumika sana kuwa amri za prosesa yake yenyewe. Hiyo ni kompaila asilia, na kazi hii ya usiku ilianza na Android 7.0 ya mwaka 2016.

Kijana wa Dimani au Kibiti mwenye simu lakini hana kompyuta, weka programu ya Termux, pakua kompaila ya clang, andika programu yako ya kwanza ya lugha ya C. Usisubiri karakana ya Dar.