Pengo la Arduino

Wasomaji wangu, leo tuzungumzie zile bodi ndogo zinazopachikwa juu ya kontrola ili iweze kuendesha mota, kusoma kadi au kuingia kwenye mtandao. Wengi huniuliza wanunue ipi. Mimi huwajibu kwa historia.

Arduino ilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia. Tazama upande wa pini za dijitali: zimeachana kwa inchi 0.1, isipokuwa kati ya pini ya 7 na ya 8, ambapo pengo ni inchi 0.16. Lilikuwa kosa la uchoraji. Lilipogunduliwa, bodi za kupachika zilikuwa zimeshatengenezwa kwa kulifuata, basi likaachwa. Hata Uno R4 ya mwaka 2023 inalo. Chipu zimebadilika, pengo limebaki.

Faida yake ni kwamba bodi ya zamani huingia kwenye kontrola mpya. Hatari yake ni hiyo hiyo. Mwaka 2012 ilitoka Arduino Due, inayotumia volti 3.3, si 5 kama Uno ya wakati huo. Bodi ya zamani inaingia vizuri kabisa, lakini ikirudisha volti 5 kwenye pini, chipu inaweza kuungua. Ndiyo kazi ya pini ya IOREF: kuiambia bodi ya juu kontrola inatumia volti ngapi.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, angalia volti kwanza, kisha uhakikishe bodi zako hazigombanii pini moja. Bei iwe ya mwisho. Kuingia si kuelewana.