Kutoka Yai hadi Antijeni: Historia ya Vipimo vya Kichocho cha Tumbo katika Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kutoka mdomo wa mto Rusizi kaskazini, kupitia Rumonge, hadi Nyanza-Lac kusini, ni ukanda mwembamba wa tambarare ya Imbo ambamo maisha hayatengani na maji. Wavuvi hushusha ndagala ufukweni, akina mama huchota maji na kufua, na watoto huogelea baada ya masomo. Katika mito, mifereji ya kumwagilia mashamba na kingo zenye majani huweza kuishi konokono wa jenasi ya Biomphalaria, ambao hukuza vimelea vya Schistosoma mansoni, chanzo cha kichocho cha tumbo.

Historia ya kupambana na ugonjwa huu aghalabu husimuliwa kama historia ya dawa. Makala hii inaitazama kama historia ya vipimo. Hoja yake ni kwamba kila chombo kilichotumika kimeamua nani ahesabiwe mgonjwa, na kwa njia hiyo kimeamua pia ni jamii ipi ipewe dawa na kwa vipindi gani.

Enzi ya yai

Mwaka 1972 Naftale Katz na wenzake nchini Brazili waliboresha mbinu iliyobuniwa awali Japani na Kato. Choo hujazwa katika tundu la kibao linalochukua takribani miligramu 41.7, kikafunikwa kwa karatasi angavu, kisha mayai ya vimelea yakahesabiwa chini ya hadubini. Idadi hiyo huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai kwa gramu moja. Mbinu ya Kato-Katz ni rahisi, haihitaji vifaa vya gharama kubwa, na ndiyo iliyokuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Katika miaka ya 1980, mtafiti Mbelgiji Bruno Gryseels na wenzake wa Burundi waliitumia mbinu hiyo kuchora ramani ya ugonjwa katika bonde la Rusizi, na mwaka 1991 Gryseels akachapisha tathmini ya hali ya kichocho nchini na maana yake kwa udhibiti. Kazi hizo zilifichua pia udhaifu wa chombo chenyewe. Mwaka 1992 de Vlas na Gryseels walionya kwamba viwango vya maambukizi vinavyotokana na sampuli moja ni vya chini kuliko hali halisi. Mwaka 1996 Engels, Sinzinkayo na Gryseels walionyesha kwamba idadi ya mayai ya mtu yuleyule hupanda na kushuka siku hadi siku. Mwaka uliofuata, Engels na wenzake walieleza jinsi uzito wa choo kinachoingia katika tundu la kibao unavyotofautiana.

Hivyo onyo kuhusu mipaka ya Kato-Katz lilitoka kwa sehemu kubwa katika utafiti uliofanywa Burundi. Palipokuwa na maambukizi mazito, udhaifu huo haukuleta madhara makubwa, kwa kuwa mtoto mwenye mamia ya mayai kwa gramu hakosekani kirahisi. Hali ilibadilika dawa ilipoenea.

Mafanikio yanayopofusha chombo

Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini wafikiwe na tiba ya mara kwa mara. Mwaka 2007 Burundi ilianza mpango wa kitaifa wa kudhibiti magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na prazikwanteli ikagawiwa kwa wingi. Dawa hiyo hupunguza minyoo, na minyoo ikipungua mayai nayo hupungua. Katika kipande kimoja cha Kato-Katz, yai moja lililoonekana huhesabiwa kuwa mayai 24 kwa gramu. Mtoto mwenye mayai machache kuliko hayo huenda akasomeka hana kitu, ilhali bado ana minyoo hai na bado anachafua maji. Kwa maneno mengine, kadiri mpango ulivyofanikiwa ndivyo chombo kilichoupima kilivyopoteza uwezo wa kuona.

Enzi ya antijeni

Suluhisho lilitoka katika fani inayounganisha kemia ya kinga na uhandisi wa tiba. Minyoo hai hutapika mabaki ya chakula pamoja na kemikali za utumbo wake katika damu ya mwenyeji, na sehemu ya kemikali hizo hutoka kwa mkojo. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, akiwemo André Deelder, walitengeneza kingamwili zinazozinasa. Mwaka 2004 van Dam na wenzake walichapisha matokeo ya ukanda wa kupimia antijeni iitwayo CCA, na baadaye kipimo hicho kikatengenezwa kibiashara Pretoria, Afrika Kusini, kikiwa katika kijisanduku kidogo cha plastiki. Ni kihisio cha kibiolojia cha aina sahili: mkojo husafiri kwenye ukanda, antijeni hushikamana na kingamwili zilizofungwa chembe zenye rangi, na mstari hujitokeza ndani ya dakika chache. Maabara haihitajiki.

Mei 2014 kipimo hiki kilitumika Burundi nzima. Watoto 17,331 wa umri wa miaka 13 na 14 kutoka shule 347 walipimwa mkojo, na katika shule 170 Kato-Katz ilitumika pia. Kwa Kato-Katz, maambukizi yalikuwa asilimia 1.5, na asilimia 84 ya shule zilionekana hazina ugonjwa kabisa. Kwa CCA, maambukizi yalikuwa asilimia 13.5 ikiwa mstari hafifu umehesabiwa kuwa hasi, na asilimia 42.8 ikiwa umehesabiwa kuwa chanya. Katika hesabu ya kwanza ya CCA asilimia 85 ya shule zilikuwa na ugonjwa. Katika hesabu ya pili, asilimia 98.

Mstari hafifu na uamuzi wa sera

Tofauti hizi zina uzito wa kiutawala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006, uliokuwa ukitumika wakati huo, uliagiza kwamba palipo na maambukizi chini ya asilimia 10 watoto watibiwe mara mbili tu katika kipindi chote cha shule ya msingi, na palipo na asilimia 10 hadi chini ya 50 watibiwe kila baada ya miaka miwili. Jamii yenye asilimia 1.5 na jamii yenye asilimia 13.5 hazipati dawa sawa, hata kama watoto wake ni walewale.

Hata hivyo, viwango hivyo viliwekwa kwa kuhesabu mayai, si antijeni. Isitoshe, mstari hafifu husomwa kwa jicho la mhudumu: unaweza kuwa dalili ya minyoo michache, na unaweza kuwa kosa la kipimo. Ndiyo maana mwaka 2018 Clements na wenzake walichambua vipimo mbalimbali vilivyofanywa kwa watoto wa Burundi bila kuchukulia hata kimoja kuwa ndicho ukweli kamili.

Hitimisho

Mwongozo mpya wa mwaka 2022 umeweka asilimia 10 kuwa kizingiti cha tiba ya kila mwaka, na umepanua walengwa kuanzia umri wa miaka miwili. Kwa Nyanza-Lac na Rumonge, ambako mtoto aliyetibiwa hurudi majini siku hiyohiyo, swali la chombo kipi kimetumika linatangulia swali la kizingiti. Historia hii inapendekeza mambo matatu kwa wapanga sera: kila takwimu ya kichocho iandikwe pamoja na kipimo kilichoitoa, jinsi mstari hafifu ulivyohesabiwa itajwe waziwazi, na tiba isipunguzwe katika eneo lolote kwa msingi wa sifuri ya Kato-Katz pekee.