DAFTARI LA MTOTO, SEHEMU YA 4: Mke na mume waliotutengenezea pa kuandika, na siku wapangaji walipopewa notisi

Wenye watoto wanaosumbua kulala someni kidogo kidogo, posti haikimbii.

Sehemu ya 3 niliongelea kuandika daftari la mtoto: siku aliyokaa mwenyewe, jino la kwanza, homa ilianza lini. Wengi mkanijibu, "Nesi, daftari letu ni Facebook na Instagram, kila kitu kipo huko." Sawa, sina ugomvi na hilo. Ila leo naomba niwasimulie historia ya kampuni moja ndogo ya Marekani, halafu mtaelewa kwa nini nawasumbua.

Tuanzie San Francisco, mwaka 2001. Kampuni nyingi za intaneti zilikuwa zimetoka kuanguka, kazi zimekuwa za shida. Hapo walikuwepo Mena Trott na mumewe Ben, wapenzi tangu wakiwa sekondari, wote wana miaka 24 tu. Mena alikuwa na blogu yake. Kwa mliozaliwa juzi: blogu ni ukurasa wa intaneti ambao mtu anauandika kama shajara, habari mpya inakaa juu, za zamani zinashuka chini. Programu za kuendeshea blogu zilikuwepo, lakini Mena hazikumridhisha. Ben ni fundi wa kuandika programu, Mena ana jicho la kupanga ukurasa ukapendeza. Basi wakakaa nyumbani wakatengeneza ya kwao.

Oktoba 2001 wakaitoa kwa watu. Waliiita Movable Type, yaani herufi zinazohamishika, zile herufi za chuma ambazo Gutenberg wa Ujerumani alizipanga na kuzipangua karne ya 15 ili kupiga chapa vitabu. Kampuni yenyewe wakaiita Six Apart, kwa sababu siku zao za kuzaliwa zimepishana siku sita. Jamani, mapenzi hayo!

Ilifanyaje kazi? Bila programu ya aina hii, ukitaka kuongeza habari kwenye tovuti yako ilibidi ufungue mafaili na kurekebisha kwa mkono, kisha uyapandishe tena. Kwa programu yao unaandika kwenye fomu, unabonyeza, yenyewe inachukua maneno yako, inayamimina kwenye kiolezo, inatoa ukurasa kamili na kuupanga kwa tarehe. Ni kama mama anayekaanga maandazi alfajiri: mteja akija anayakuta yameshaiva. Na kurasa hizo zilikaa kwenye seva ambayo wewe mwenyewe umeilipia. Hata programu ikigoma, kurasa zilizokwisha kutengenezwa ziliendelea kusomeka.

Mtu binafsi aliitumia bure, mwenye uwezo aliombwa achangie kwa hiari. Mwaka 2002 wakaongeza kitu walichokiita TrackBack: mtu akiandika kwake kuhusu habari yako, blogu yako inapata taarifa. Hawakukificha. Walieleza wazi kinavyofanya kazi, na watengenezaji wengine wakakichukua. Baadaye matapeli wa matangazo walikivamia mpaka watu wengi wakakizima, lakini wazo lilikuwa zuri.

Miaka hiyohiyo ndipo wanawake wengi walianza kuandika habari za uzazi hadharani. Heather Armstrong wa Utah, aliyeanza blogu mwaka 2001, alijifungua mtoto wa kwanza mwaka 2004 na akaandika wazi kwamba amepata sonona baada ya kujifungua, mpaka akalazwa hospitali. Kama nesi nawaambia, kwa mama anayelia usiku peke yake akidhani amerogwa au hampendi mwanawe, kusoma maneno ya mwenzake ni nusu ya kukubali kwenda kutibiwa. Kwa hiyo msidhani shajara ya mama ni kitu kidogo.

Sasa turudi kwa kina Trott. Si kila mtu anaweza kuhangaika na seva. Kwa hiyo mwaka 2003 wakafungua huduma ya pili, Typepad. Hii wewe huweki chochote kwako. Unalipa kwa mwezi, wao wanatunza. Movable Type ilikuwa kama kujenga kwenye kiwanja chako, Typepad ilikuwa chumba cha kupanga. Chumba kizuri, kina umeme na maji, mwenye nyumba mstaarabu. Watu wakahamia kwa furaha.

Mei 2004 ikatokea tafrani. Kampuni ilikuwa imepata wawekezaji na wafanyakazi wa kulipwa, na toleo la tatu la Movable Type likaja na masharti mapya: ukitaka bure, mwandishi mmoja tu na blogu zisizozidi tatu. Wenye kundi la waandishi wakakuta wanatakiwa kulipa pesa ambayo hawakuitarajia. Walichukia kweli. Baada ya siku chache kampuni ikalegeza masharti, lakini imani ilikuwa imeshatikisika. Wengi wakahamia WordPress, iliyoanza mwaka 2003 kwa mikono ya Matt Mullenweg na Mike Little. Leseni yake ilimruhusu yeyote kuitumia, kuifungua, kuibadilisha na kuigawa.

Mimi siwalaumu kina Trott moja kwa moja. Wafanyakazi wanakula, wana kodi na watoto kama sisi. Ila kitu ulichozoeshwa bure kikiwekewa bei ghafla, kinauma.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Januari 2005 walinunua kampuni yenye LiveJournal, Desemba 2007 wakaiuza kwa kampuni ya Urusi. Mwezi huohuo Movable Type nayo ikatolewa kwa leseni huria, miaka mitatu na nusu baada ya ile tafrani. Mwaka 2010 Six Apart ikaungana na kampuni ya matangazo. Mwaka 2011 jina na programu vikanunuliwa na kampuni ya Japani, na huko Movable Type iliendelea kutumika. Typepad ikabaki upande mwingine, ikapita kwa wamiliki wengine, na mwishoni mwa 2020 ikaacha kupokea wateja wapya.

Halafu Agosti 2025 ikatoka notisi: tarehe 30 Septemba tunafunga. Kama mwezi mmoja tu, mama zangu. Kuna watu walikuwa wameandika humo zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyeandikwa siku ya kwanza sasa ana ndevu.

Sikilizeni na hili. Tangu zamani kina Trott waliweka njia ya kutoa maandishi yako yote kwenye faili moja la kawaida, na WordPress wakatengeneza njia ya kulipokea. Mwaka 2025 njia hiyo ndiyo iliyowatoa wengi. Lakini faili lile lilikuwa la maandishi. Picha zilibaki kwenye seva za Typepad, na aliyesahau kuzipakua kwa wakati alihama na maneno bila sura.

Sasa njooni kliniki. Kadi ya mtoto tunajaza sisi manesi, kwa mwandiko wetu mbaya, lakini inalala wapi? Kwako. Kituo kikiungua, mimi nikihamishwa, wewe ukirudi kijijini kwa mama, uzito na chanjo za mwanao unazo mkononi. Hiyo ndiyo maana ya kukusisitizia usiipoteze. Kwa nini maneno na picha za huyohuyo mtoto ziwe kwa mwenye nyumba pekee?

Kwa hiyo fanyeni hivi wiki hii, siyo siku mwanao anaanza darasa la kwanza:

1. Facebook na Instagram zote zina sehemu ya kupakua taarifa zako. Tafuta kwenye mipangilio, subiri uwe na bando la kutosha au Wi-Fi ya jirani mwema.

2. Picha ziweke sehemu mbili, moja isiwe simu unayompa mtoto achezee.

3. Chagua picha 10 za kila mwaka, zisafishe studio, nyuma andika jina, tarehe na mahali kwa kalamu.

4. Yale ya maana kweli, kama homa, mzio na dawa iliyomletea shida, andika kwenye daftari la karatasi na ukija kliniki uje nalo.

Sehemu ya 5 nitaeleza jinsi ya kuandika siku za homa ili daktari akisoma aelewe haraka. Mwenye picha ya daftari lake aniletee inbox, nikipata ruhusa nitawaonyesha wenzake. Usiku mwema, na aliyelala na simu usoni amka umgeuze mtoto.