Kabla ya kununua pistoni, angalia vali ya egzosi

Pikipiki yangu ya vumbi na matope ilianza kukosa nguvu nikivuta mafuta hadi mwisho. Nikaambiwa pistoni imekwisha. Nikanunua mpya, ugonjwa ukabaki palepale. Kumbe ni vali ya egzosi.

Kwenye injini ya mipigo miwili, moshi hutoka kupitia tundu la ubavuni mwa silinda, na pistoni ndiyo hulifungua ikishuka. Tundu likianzia juu, injini hukimbia sana lakini huwa dhaifu mwendo wa polepole. Likianzia chini, huwa kinyume. Vali hii hukupa yote mawili: mwendo ukiwa mdogo, huziba sehemu ya juu ya tundu ili moto uisukume pistoni kwa muda zaidi. Mwendo ukipanda, hufunguka. Kwenye Yamaha YZ250, gololi za chuma hutupwa nje na mzunguko wa injini, zikasukuma mkono unaoifungua.

Adui wake ni masizi ya oili. Ikigandia imeziba, pikipiki haifiki kasi. Ikigandia wazi, huishiwa nguvu mchangani. Injini ikipoa, ifungue, isafishe, hakikisha inacheza. Mimi ningebaki na pesa zangu.